Kila Kifungu na Anwani Yake: Namna Sheria za Uganda Zinavyopatikana Mtandaoni

Mfanyabiashara wa Kikuubo, Kampala, anayehifadhi majina na namba za simu za wateja wake, akataka kujua kama sheria inamruhusu, hawezi kuanza kwa kutafuta Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Huenda hajui hata kama sheria hiyo ipo. Anachokijua ni swali lake. Analiandika kwenye simu kwa maneno yake mwenyewe, na kitakachomjia kinategemea maamuzi ya watu asiowajua, yaliyofanywa muda mrefu kabla hajauliza. Maamuzi hayo ndiyo kiini cha usanifu wa tovuti. Mara nyingi tunayagawa katika kazi mbili: moja ya kumpendeza mgeni, nyingine ya kuifanya Google iupandishe ukurasa juu ya orodha. Mgawanyo huo unapotosha. Tovuti ya ULII, inayochapisha bure sheria na hukumu za Uganda, inaonyesha kwamba kazi ni moja: kuyapanga maudhui katika vipande vinavyolingana na maswali ya watu, na kukipa kila kipande anwani isiyohamahama. Hilo likifanyika vizuri, mgeni na injini ya utafutaji hufaidika kwa pamoja. Lisipofanyika, hakuna rangi wala ujanja wa maneno utakaoziba pengo.

Tuanze na hali ambayo ULII ilipaswa kuivuka. Sheria ya Uganda huzaliwa kama karatasi: Bunge hupitisha, Rais hutia saini, kisha maandishi huchapwa na kutangazwa kupitia Gazeti la Serikali. Njia nyepesi ya kuipeleka karatasi hiyo mtandaoni ni kuipiga skani na kupandisha faili la PDF. Kwa ofisi iliyopandisha, kazi imekwisha. Kwa mwenye simu, ndiyo kwanza imeanza. Faili la skani la kurasa thelathini laweza kuwa na megabaiti kadhaa, kwa sababu kila ukurasa ni picha, ilhali maneno yale yale yakiwa maandishi matupu huchukua makumi tu ya kilobaiti. Picha ya ukurasa wa A4 haijipangi upya kufuata upana wa kioo, hivyo msomaji huivuta kushoto na kulia mstari baada ya mstari. Hawezi kutafuta neno ndani yake. Akitaka kumtumia mwenzake kifungu kimoja, humtumia faili zima na maelekezo ya kwenda ukurasa wa 14. Roboti ya injini ya utafutaji nayo hukutana na ugumu huo huo: maandishi yasiyo na vichwa, yasiyo na mipaka ya vifungu, na mara nyingi yenye jina la faili lisiloeleza chochote.

ULII, kama tovuti dada za TanzLII ya Tanzania na Kenya Law ya Kenya, ilichagua njia ndefu zaidi. Maandishi ya sheria hubadilishwa kuwa maandishi halisi, kisha kila sehemu huwekewa alama inayoitambulisha: hii ni sura, hiki ni kifungu, hiki ni kifungu kidogo, hii ni fasili ya neno. Alama hizo zinafuata kanuni ya Akoma Ntoso, iliyoanzia kwenye mpango wa Umoja wa Mataifa wa kusaidia mabunge ya Afrika katikati ya miaka ya 2000, na ikapitishwa na shirika la OASIS kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2018. Programu zinazoendesha kazi hiyo zimetengenezwa na Laws.Africa ya Cape Town. Lakini kinachostahili kutazamwa kwa karibu ni anwani. Anwani ya Sheria ya Ulinzi wa Data inaanza na herufi za kanuni yenyewe, akn, kisha ug kwa Uganda, act kwa sheria ya Bunge, 2019 kwa mwaka, 9 kwa namba ya sheria hiyo mwaka huo, halafu eng kwa lugha ya Kiingereza, alama ya @, na tarehe ya toleo. Mwishoni waweza kuongeza alama ya kifungu, na kivinjari kikakutua palepale. Hakuna namba ya siri ya hifadhidata humo wala jina la programu iliyotumika mwaka huo. Wakili anayeijua sheria anaweza kuikisia anwani yake kabla hajaifungua, na seva ikibadilishwa kesho anwani haina sababu ya kubadilika.

Faida kwa msomaji inaonekana upesi. Mfanyabiashara wetu akitua kwenye kifungu cha 7 cha toleo la 2019, anasoma kwamba data binafsi haikusanywi wala kuchakatwa bila ridhaa ya awali ya mwenyewe, isipokuwa katika hali zilizotajwa hapo hapo chini. Orodha ya vifungu iko karibu, kwa hiyo anaweza kupanda kwenye fasili au kushuka kwenye adhabu. Faida kwa injini ya utafutaji inatokana na mambo hayo hayo. Kichwa cha ukurasa kinataja sheria na mwaka wake, vichwa vya ndani vinataja mada za vifungu, na maneno ya kila kifungu yako chini ya kichwa chake. Ni kweli kwamba Google huuhesabu ukurasa wote kuwa mmoja, hata kama una vifungu hamsini. Hata hivyo vichwa huisaidia kujua ni sehemu ipi inayojibu swali, na wakati mwingine kumpeleka mtu moja kwa moja kwenye sehemu hiyo. Kisha kuna viungo. Tangu Larry Page na Sergey Brin walipoeleza PageRank mwaka 1998, viungo kutoka tovuti nyingine vimekuwa ushahidi kwamba ukurasa unaaminiwa. Mwandishi wa habari, mhadhiri na wakili huunganisha kwa hiari na kitu wanachoweza kukielekezea kidole. Anwani thabiti huvuna viungo mwaka baada ya mwaka. Anwani inayokufa kila tovuti inapopambwa upya hupoteza viungo vyake vyote, na wasomaji huishia kwenye ukurasa wa kosa.

Jaribio gumu zaidi liko kwenye mabadiliko, kwa kuwa sheria hurekebishwa na hufutwa. Chukua Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011. Ilirekebishwa Oktoba 2022. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikatangaza kwamba kifungu chake cha 25, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi, kinakwenda kinyume na Katiba. Kisha toleo jipya la sheria zote za Uganda likaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024 na kuzipa sheria namba mpya za sura, hata Sheria ya Ulinzi wa Data sasa ni Sura ya 97. Mtu anayeshtakiwa au anayemshauri mshtakiwa anahitaji kujua maneno yalikuwaje siku ya tukio, na yakoje leo. Faili la skani la 2011 linaloelea mtandaoni halisemi lolote kuhusu hayo. Linaonekana kamili na halali. Tarehe iliyo ndani ya anwani inatatua tatizo la msomaji, lakini inaleta lingine kwa injini: matoleo manne ya sheria moja ni kurasa nne zinazofanana karibu neno kwa neno, na roboti haijui imwonyeshe nani ipi. Dawa yake imejulikana tangu Februari 2009, Google, Yahoo na Microsoft zilipokubaliana juu ya alama ya kutaja ukurasa ulio rasmi miongoni mwa zinazofanana. Toleo la leo hutajwa kuwa rasmi, ya zamani hubaki kwa anayeyahitaji, na juu yake huandikwa wazi kwamba yamepitwa na wakati. Onyo hilo linamsaidia msomaji kwa sababu ile ile inayofanya alama iisaidie roboti.

Uzito wa ukurasa nao ni suala la haki mjini Kampala. Kuanzia 1 Julai 2018 aliyetaka kutumia mitandao ya kijamii alitozwa shilingi 200 kwa siku. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti. Maana yake ni kwamba kila picha isiyo na kazi na kila programu inayopakuliwa bila sababu humkata msomaji pesa ya bando, na juu yake ushuru. Google ilitangaza mwaka 2016 kwamba ingeanza kuzipima tovuti kwa jinsi zinavyoonekana kwenye simu, na tangu 2021 imekuwa ikizingatia vipimo vya hali ya mtumiaji, kikiwemo kile kinachotaka sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Wapo watakaosema kasi ina uzito mdogo katika kupanga matokeo, na hawajakosea: Google yenyewe husema ukurasa unaojibu swali vizuri zaidi unaweza kushinda ulio mwepesi zaidi. Lakini mtu aliyefunga ukurasa kabla haujafunguka hatajua kwamba ulikuwa na jibu zuri. Ukurasa wa maandishi hulimaliza tatizo hilo kwa kuwa mwepesi tangu mwanzo.

Pingamizi la kwanza zito ni la kiufundi: Google husoma faili za PDF tangu mwaka 2001, na tangu 2008 hujaribu kusoma hata zilizopigwa skani, basi ya nini gharama ya kuweka alama kifungu kwa kifungu? Gharama ni ya kweli. Kazi hiyo inahitaji watu wanaosoma sheria kwa makini, na hukumu nyingi za zamani kwenye tovuti za aina hii bado ni skani kwa sababu hiyo. Lakini kusomeka na kueleweka ni mambo tofauti. Mashine inayokisia herufi kutoka kwenye picha inaweza kukosea tarakimu ya faini, na haiwezi kujua kwamba aya fulani ilishafutwa na mahakama. Hata ikifanikiwa, humkabidhi mtafutaji faili zima na kumwachia kazi ya kuchambua. Panapokosekana fedha, njia ya busara ni kuanza na sheria zinazoulizwa zaidi, na kuiacha PDF ibaki kama nakala ya kupakua na kuchapa.

Pingamizi la pili ni la kimaadili, na lina nguvu zaidi. Je, kila kitu kinapaswa kupatikana kwa urahisi? Hukumu ina majina ya watu: mjane anayegombea kiwanja, mfanyakazi aliyefukuzwa, mtu aliyeshtakiwa akaachiwa huru. Jina lake likitafutwa na mwajiri miaka kumi baadaye, kesi aliyoshinda yaweza kumfungia mlango. Tovuti za sheria za CanLII ya Kanada na AustLII ya Australia huzizuia injini za utafutaji zisiorodheshe hukumu, ingawa mtu yeyote anaweza kuzisoma akiingia kwenye tovuti zenyewe. Naona busara katika hilo, na halivunji hoja yangu. Ili uweze kufungua mlango kwa sheria na kuurudisha nusu kwa hukumu, lazima kwanza uwe umezitenganisha. Anwani iliyoandikwa act na iliyoandikwa judgment hupewa masharti tofauti kwa mistari michache ya maelekezo kwa roboti. Lundo la mafaili yasiyo na majina halitoi nafasi ya kuchagua. Ama yote yaonekane, ama yote yafichwe.

Pingamizi la tatu ni la siku hizi: watu hawafungui tena tovuti, wanasoma jibu lililotungwa na akili bandia juu ya orodha ya matokeo. Mifumo hiyo haitoi majibu hewani. Inasoma kurasa hizi hizi, na inapokuta maandishi yasiyo na tarehe wala hadhi, hutoa jibu lililopitwa na wakati kwa lugha ya kujiamini. Katika sheria, jibu lisilo na chanzo halifai mbele ya hakimu. Hivyo anwani ya kifungu inazidi kuwa na kazi, kwa kuwa ndiyo inayomwezesha msomaji kuhakiki alichoambiwa. Lugha nayo imo katika suala hili. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini anayeuliza kwa Kiswahili hawezi kupata kifungu ambacho hakijaandikwa kwa Kiswahili. Muundo wa anwani tayari una nafasi yake: mahali paliposomeka eng panaweza kusomeka swa, na toleo la Kiswahili likakaa sambamba na la Kiingereza bila kubomoa kitu. Kilichobaki ni uamuzi wa kutafsiri.

Mambo haya hayahusu sheria peke yake. Hospitali inayochapisha ratiba ya kliniki, chuo kinachotangaza ada, halmashauri inayoeleza leseni ya biashara, zote zina maswali yanayorudi kila siku kutoka kwa watu wenye simu na bando dogo. Kabla ya kumlipa mtu wa kupamba ukurasa wa mbele au wa kuahidi nafasi ya kwanza kwenye Google, kiongozi wa taasisi aagize orodha ya maswali ishirini yanayoulizwa zaidi kwenye dawati la mapokezi. Kila swali lipewe ukurasa wake, kichwa kinachotumia maneno ya waulizaji, maandishi halisi badala ya picha, tarehe ya kuhakikiwa, na anwani ambayo taasisi inaahidi kutoibadilisha. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya gharama, inahitaji mtu anayeyajua maswali na aliyepewa mamlaka ya kuyajibu. Taasisi za umma zilipe kwanza kwa kazi hiyo, na mapambo yafuate fedha zikibaki.