Kabari za Mhunzi Salathé

Mhunzi anayefua jembe huliuza, na likivunjika, anayeumia ni mkulima. John Salathé alifua chuma, akakipigilia mwambani kwa nyundo yake, kisha akauning'iniza uhai wake kwenye chuma hicho. Ndiyo maana nauheshimu ufundi wake kuliko ufundi mwingi ninaoujua.

Alizaliwa Uswisi mwaka 1899, akahamia Marekani, akafungua karakana San Mateo, California. Alikwisha kuvuka miaka 40 alipoanza kukwea miamba ya bonde la Yosemite. Wakweaji wa zama hizo walijikinga kwa pitoni: kabari ya chuma yenye jicho, inayopigiliwa ufani na kuunganishwa na kamba, ili mtu akiteleza imdake. Za Ulaya zilikuwa za chuma laini, kinachojipinda kuufuata ufa. Kwenye matale magumu ya Yosemite zilijikunja kabla hazijazama, na zilizozama hazikung'oka salama.

Mhunzi aliliona tatizo hilo kwa macho ya kazi yake. Alifua pitoni za feleji ngumu. Wakweaji husimulia kwamba aliitoa kwenye ekseli za magari ya Ford. Ubavu wa kila pitoni ni mwembamba nchani na hunenepa kuelekea kwenye jicho, ili kila pigo liikaze zaidi. Ikishika vizuri, mlio wa nyundo hupanda pigo hadi pigo; mlio ukiwa butu, usiiamini. Mwaka 1947 Salathé na Anton Nelson waliukwea mnara wa Lost Arrow kutoka chini kwa siku tano, wakipigilia pitoni, wakizing'oa na kuzipigilia tena juu zaidi.

Miaka 10 baadaye kijana Yvon Chouinard alinunua tanuri kuukuu la makaa, akajifunza uhunzi mwenyewe, akawa anafua pitoni mbili kwa saa na kuuza kila moja kwa dola 1.50. Biashara ikakua. Lakini ule ugumu uliozifanya zing'oke na kutumika tena ulianza kuudhuru mwamba: nyufa zilizopigiliwa na kung'olewa mara kwa mara zilitanuka na kumeguka. Mwaka 1972 Chouinard aliwahimiza wateja wake waziache pitoni na kutumia vidude vya alumini vinavyochomekwa ufani kwa vidole, bila nyundo, ingawa pitoni ndizo zilizokuwa tegemeo la biashara yake.

Sioni kwamba uamuzi huo uliifuta kazi ya Salathé. Yeye aliusikiliza mwamba akajua chuma laini hakifai. Chouinard aliusikiliza akajua nyundo haifai tena. Fundi wa kweli huanza na kile ambacho kazi yake itakigusa, na kikimwambia abadilike, hubadilika hata kama soko bado linamlipa.