Tuhakiki programu za simu kwa sikio la mwandishi asiyeona

KWA miaka mingi, mjadala wa wapenzi wa Kiswahili kuhusu teknolojia umezunguka maswali yale yale. Tuseme kompyuta au tarakilishi? Kipanya au kiteuzi? Simu ya mkononi, rununu au simutamba? Mjadala huu ni mtamu na una nafasi yake. Hata hivyo, karibu sote tunaoshiriki tunaichukulia lugha ya simu kuwa kitu cha kutazamwa. Tunasahau kwamba wapo Wakenya wanaoandika Kiswahili kwenye simu bila kuona herufi hata moja. Kwao, Kiswahili cha simu ni sauti.

Nadai katika makala haya kwamba mwandishi wa aina hii ananyimwa nafasi ya kuhariri kazi yake mwenyewe, na kwamba sehemu kubwa ya tatizo hilo ni ya kilugha. Wahandisi wana lao la kujibu, lakini nasi walimu, wahakiki na wanaisimu tuna letu.

Hebu kwanza tukieleze chombo chenyewe. Kisomaskrini (nimetumia skrini kwa kuwa ndilo neno lililozoeleka, japo wapo wanaopendelea kiwambo) ni programu inayotamka yaliyomo kwenye skrini. Mtumiaji hupitisha kidole juu ya kioo, na simu humtajia kilicho chini ya kidole hicho: kitufe, herufi au jina la faili. Akitaka kukifungua, hugonga mara mbili. Anapoandika, herufi au maneno hutamkwa kadiri anavyoyachapa. Anaporudi nyuma kusahihisha, huamua asomewe aya nzima, mstari, neno moja moja au herufi moja moja. Simu nyingi za Android huja na kisomaskrini kiitwacho TalkBack. iPhone zimekuwa na VoiceOver tangu 2009. Upande wa kompyuta kuna NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh. Kwa hivyo chombo kipo, na mara nyingi hakilipiwi. Swali ni kwamba kinazungumza lugha gani.

Chukulia mwanafunzi wa shule ya upili kutoka Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, anayeandika insha kwenye simu ambayo bado imewekwa kwa Kiingereza, kama zilivyo simu nyingi hapa nchini. Anaandika kuhusu matanga: "Wale wake zake walisimama pale wakapewa pole." Sentensi ni safi kabisa. Lakini sauti ya Kiingereza inapokutana na maneno wake, pale na pole, huyatambua kuwa yake. Wake inakuwa amri ya kuamka, pale inakuwa rangi iliyofifia, na pole inakuwa mlingoti. Kila neno hupoteza silabi moja njiani. Mtu na mbwa, ambayo huanza kwa konsonanti mbili zisizozoeleka katika Kiingereza, huweza kutajwa herufi baada ya herufi kana kwamba ni vifupisho.

Utasema kwamba mtumiaji huzoea. Ni kweli, binadamu huzoea mengi. Wapo wanaosikiliza Kiswahili hiki kilichovunjika kwa kasi ya ajabu na kuelewa kila kitu. Lakini kuelewa ni jambo moja na kuhariri ni jingine. Mwandishi anayeona huhariri kwa jicho; neno lililokosewa humchoma tu machoni. Asiyeona huhariri kwa sikio. Sikio likilishwa sauti potovu, kosa na usahihi hufanana.

Tazama mfano wa fedha. Mwanafunzi akiandika "feda" kwa kuteleza, sauti ya Kiingereza itatamka karibu vile vile ambavyo ingetamka fedha, kwa kuwa herufi dh hazina kazi maalumu katika lugha hiyo. Ghali na "gali" nazo ni hivyo hivyo. Kosa limejificha, na mwandishi atapeleka kazi yake kwa mwalimu akiamini imekamilika. Akirudishiwa ikiwa na alama nyekundu, au akisomewa makosa yake mbele ya wenzake, ataambiwa kwamba hakusoma tena alichoandika. Kumbe alisoma, tena mara tatu.

Sasa geuza hali. Mpe mwanafunzi yule yule sauti inayotamka Kiswahili ipasavyo, uone jinsi inavyomfaa katika eneo hili hasa. Dholuo haina sauti z, v wala sh katika mfumo wake wa asili, na si ajabu wanafunzi wanaoizungumza kuandika "samba" badala ya shamba. Sauti nzuri ya Kiswahili humtofautishia papo hapo sindano na shindano, saba na shaba, saa na zaa. Kule Kuria, katika Kaunti ya Migori, shida ni l na r, kwa sababu Kikuria hakitofautishi sauti hizo jinsi Kiswahili kinavyofanya. Mwanafunzi wa Kehancha au Isebania anayesikia simu ikimtamkia kula pale alipokusudia kura, au mahari pale alipotaka mahali, amepata mwalimu asiyechoka wala kumcheka. Kisomaskrini kilichowekwa vizuri kinaweza kuwa chombo cha kufundishia matamshi na tahajia, hata kwa wanaoona.

Wala tusidanganywe kwamba Kiswahili ni kigumu kwa mashine. Tahajia yetu, iliyosanifishwa katika karne ya ishirini kwa msingi wa Kiunguja, karibu kila mara huipa herufi moja sauti moja, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho isipokuwa katika maneno machache kama barabara yenye maana ya sawasawa. Kiingereza, chenye tahajia ya vurugu, ndicho kigumu. Ndiyo maana sauti ya Kiswahili imekuwamo kwa muda mrefu katika eSpeak, injini ya bure inayoandamana na NVDA, na Google nayo ina sauti ya Kiswahili kwa simu za Android. Sauti ya eSpeak ni kavu kama ya roboti, lakini husema dh na gh. Mara nyingi kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha mwanafunzi mahali pa kuichagua.

Hata hivyo, sauti nzuri haiponyi kila kitu. Sikio halisikii nafasi kati ya maneno. "Wafanyakazi" na "wafanya kazi" hutamkwa sawa; "kwasababu" na "kwa sababu" pia. Ili kulinasa kosa hili lazima mwandishi ashuke hadi kwenye herufi moja moja, akaguse kila pengo. Ndiyo sababu siungi mkono wale wanaosema Breli imepitwa na wakati. Nukta sita za Louis Braille ndizo zinazompa asiyeona umbo la neno chini ya vidole, pamoja na pengo lake. Tangu 2020 TalkBack imekuwa na kibodi ya Breli inayochapwa moja kwa moja juu ya kioo cha simu, ishara kwamba vyombo hivi viwili vinaweza kufanya kazi pamoja. Wanaopendekeza kwamba mwanafunzi aimbie simu tu insha yake, nayo imwandikie, wanachanganya kusema na kuandika. Mwandishi huchagua mahali pa kuweka mkato, hufuta, hurudi, hubadilisha mpangilio wa aya. Kazi hiyo hufanywa kwa kusoma tena.

Kuna pia kijialama kidogo kiitwacho ritifaa. Baadhi ya kibodi za simu huweka ritifaa iliyopinda, ile inayofanana na alama ya kufunga nukuu, na baadhi ya programu huichukua hivyo hivyo. Ng'ombe hukatwa vipande viwili. Dholuo nayo ina ng' tele, na majina ya mahali yameathirika: Rang'we mara nyingi huandikwa Rangwe, na sauti yoyote ya Kiswahili itasoma kilichoandikwa. Uzembe ambao jicho la mwenyeji huusamehe huwa upotoshaji kamili masikioni.

Nigeukie lugha ya vitufe, maana hapo ndipo uhakiki wa Kiswahili unapohitajika zaidi. Programu nyingi za kuandikia hutegemea picha: penseli, pipa la taka, mshale unaorudi nyuma. Aliyeiunda asipokipa kitufe jina katika msimbo wake, kisomaskrini husema tu kwamba hapa pana kitufe. Vikiwa vitano kwa safu, mwandishi husikia "kitufe" mara tano, abahatishe kipi kinahifadhi na kipi kinafuta. Ni kama jikoni penye makopo matano yanayofanana, moja lina chumvi na jingine sabuni ya unga.

Penye majina, Kiswahili chake mara nyingi kimetungwa kwa ajili ya jicho. Anayeona akikuta "Koza" kando ya herufi iliyonenepeshwa, picha humsaidia. Anayesikia tu "koza" bila picha, na hajawahi kufundishwa istilahi hiyo, amekwama. "Herufi nzito" lingemfaa zaidi, japo ni refu. "Tendua" lina mantiki nzuri ya kimofolojia kwa mwanaisimu anayejua kiambishi cha utenduzi, lakini hutajwa kwa sekunde moja katikati ya orodha ya maneno mengine. Je, mtumiaji wa kawaida huko Oyugis hulielewa mara moja? Mimi singeliondoa. Ningetaka lijaribiwe kwa sikio kabla ya kupitishwa. Vyombo vyetu vya istilahi, kuanzia BAKITA huko Tanzania hadi idara zetu za vyuo vikuu, vimezoea kupima neno kwa usahihi wa muundo wake na mvuto wake. Kuna vigezo viwili vya kuongeza: je, neno hili likisikika peke yake linaeleweka? Je, linatofautika na jirani zake linapotamkwa haraka?

Mwanafunzi wetu, zaidi ya hayo, haishi katika Kiswahili peke yake. Insha yake kuhusu ngano ya Simbi Nyaima au ya Nyamgondho itabeba majina na misemo ya Dholuo. Kisiwani Mfangano kuna Olusuba, lugha ambayo Dholuo imekuwa ikiimeza kwa vizazi kadhaa. Lugha hizi na Kikuria hazimo katika orodha ya kawaida ya sauti za simu za Android. Nazo ni ngumu zaidi kwa mashine: wanaisimu huhesabu irabu tisa au zaidi katika Dholuo ilhali tahajia yake ina herufi tano za irabu, na toni haiandikwi. Habari njema ni kwamba msingi umeanza kuwekwa. Mradi wa Kencorpus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene, ulikusanya matini na sauti za Kiswahili, Dholuo na lahaja za Kiluhya. Chuo Kikuu cha Rongo kiko Migori na cha Tom Mboya kiko Homa Bay. Kikuria na Olusuba ziko mlangoni mwao.

Sheria haitupi kisingizio. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali kukuza lugha za kiasili, Lugha Ishara ya Kenya, Breli na teknolojia za mawasiliano zinazoweza kufikiwa na watu wenye ulemavu. Kifungu cha 54 kinawapa haki ya kupata vifaa vya kuwawezesha. Mwaka 2022 ulizinduliwa hata kiwango cha kitaifa cha ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia ya mawasiliano. Lakini hakuna sheria itakayoamua kama kitufe kiitwe koza au herufi nzito. Hiyo ni kazi yetu.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwalimu wa Kiswahili aliye na mwanafunzi asiyeona ahakikishe kwamba kifaa chake kinasoma Kiswahili kwa sauti ya Kiswahili, na amfundishe kubadilisha sauti anapohamia Kiingereza. Pili, tunaposahihisha kazi yake tutenganishe makosa ya lugha na yale ambayo kifaa chake kisingeweza kumsikizisha. Tatu, wahakiki waanze kuzipitia programu za kuandikia jinsi wanavyopitia riwaya na tamthilia: lugha yake ikoje, inamfaa nani, imemsahau nani.

Msomaji mwenye simu ya Android anaweza kuanza wikendi hii. Afungue mipangilio, atafute sehemu ya ufikivu, awashe TalkBack, afumbe macho na kuandika aya moja ya Kiswahili. Ila ajifunze kwanza namna ya kuizima, maana ikishawaka hata kugusa skrini hubadilika. Kisha aniandikie ni makosa mangapi yaliyompita.