Ndoo Ikijaa Kana

Ndoo ya plastiki iliyopandwa kana haifichi siri. Ilitoka dukani ikiwa duara. Mwaka wa pili mdomo wake umekuwa wa umbo la yai, na ukiiacha zaidi, ubavu mmoja huvimba mpaka mpini ukakaa upande. Chungu cha udongo hakina uvumilivu huo, chenyewe hupasuka tu. Shangazi yangu wa Kiegeani amezipanga kana zake kandokando ya baraza, kwenye ndoo za lita ishirini, madebe, na nusu ya jaba la buluu lililokatwa kwa msumeno. Kila apitapo huzipapasa kwa kiganja, akitafuta uvimbe. Maua huyatazama baadaye.

"Maua yatakudanganya, mwanangu," huniambia. "Ndoo haidanganyi."

Wengi wetu kana tumeikuta tu: mbele ya ofisi za serikali, kwenye mizunguko ya barabara, shuleni kando ya bomba linalovuja. Majani mapana, maua mekundu, ya manjano, au ya rangi ya chungwa yenye madoa. Kwa kuwa huota popote penye maji, tumezoea kuamini kwamba haihitaji fundi. Ardhini labda. Kwenye chombo ni habari nyingine, na kazi ya kuitoa katika chombo kilichojaa, kuigawa na kuirudisha upya ni ufundi ambao nimeutazama kwa muda mrefu bila kuuchoka.

Kwanza, kwa nini ndoo? Udongo wa Kiegeani, kama wa sehemu kubwa ya kisiwa cha Mafia, una mchanga mwingi chini ya minazi. Maji ya masika huzama na kupotea, na ikifika kaskazi, jua likiwa kali, mmea unaopenda maji hivi hukunja majani kabla ya adhuhuri. Kuna kuku wa kuparua na mbuzi wa kumalizia. Ndani ya ndoo mtu ana mamlaka juu ya udongo na maji. Gharama yake ni kwamba ndoo ina ukuta, na kana ni mmea unaotembea.

Wataalamu wa mimea huiweka kana katika oda moja na mgomba, tangawizi, manjano na iliki, kwa hiyo aliyewahi kuchimba tangawizi anaijua tabia hii. Tunguu hulala chini ya udongo na kwenda mbele. Ncha yake huinuka ikawa shina. Shina hutoa maua, humaliza, halirudii tena. Jicho la ubavuni hushika zamu, husogea kidogo, nalo huinuka. Ardhini, mwendo huo huendelea miaka na miaka, ukiacha nyuma vipande vikongwe vinavyooza taratibu. Ndani ya ndoo, tunguu hufika ukutani, hugeuka, hupanda juu ya mwenzake. Vichipukizi vyote hubanana ukingoni, na katikati hubaki magogo matupu yasiyo na jicho hata moja. Maji ukimwagia hupita pembeni na kutoka chini yakiwa karibu safi, au husimama juu yasijue pa kuingilia. Majani yanayofuata huja madogo.

Shangazi huifanya kazi hii mwishoni mwa Februari au mapema Machi, mvua zikinukia. Zilizochelewa huzigawa vuli. Siku mbili kabla, hazipi maji, ili udongo usinyae na kuachana na ukuta. Kisha hukata mashina yaliyokwisha kuchanua, akiacha kama shibiri moja, na kuviacha vichipukizi ambavyo jani lake la kwanza bado limejiviringa. Hulaza ndoo ubavu, huivingirisha mchangani huku akiikanyaga kidogo kwa mguu, upande huu, upande ule. Kamwe havuti shina. Shina likivutwa hukatikia shingoni, na mara nyingi huondoka na jicho. Ndoo ikikataa, hupitisha kisu kirefu kuzunguka ukuta, na ikikataa tena, ndoo ndiyo inayokatwa. Ndoo hununuliwa, husema.

Kinachotoka ni udongo wenye umbo la ndoo, umefungwa kwa mizizi minene myeupe iliyozunguka chini tabaka juu ya tabaka. Huumwagia maji kwa kata, polepole, akifikicha kwa vidole, mpaka matunguu yajitokeze. Hapo ndipo napenda kuinama. Tunguu jipya la kana lina rangi ya maziwa yaliyoganda, limezungushiwa pete nyembamba palipokuwa na magamba, na jicho lake limechongoka, jekundu la kuiva kwenye zile zenye majani ya zambarau, jeupe la kijani kwenye za majani ya kawaida. Lililozeeka ni la kahawia, jepesi mkononi, na ukilibonyeza kwa kidole gumba linabonyea.

Kisha haendi haraka. Hukaa juu ya kigoda na kuligeuza lile bumba mapajani, na mtu asiyejua angedhani anapumzika. Anatafuta kichwa na mkia: wapi tunguu lilianzia na wapi linaelekea. Baada ya hapo hutafuta kiuno, ile sehemu nyembamba kipande kimoja kinapoungana na kingine. Pale ndipo kisu kinapopita, kisu kilichopitishwa motoni, mara moja, bila kukereza. Kidonda cha kiunoni ni kidogo, huchukua siku moja kukauka. Wanaojifunza hukata katikati ya unene, kwa sababu pale ni rahisi kushika, wakaacha kidonda kipana ambacho udongo wenye unyevu hauchelewi kukiozesha. Yeye hupaka jivu kwenye mkato na kuviacha vipande kivulini mpaka kesho yake.

Kila kipande hubaki na macho mawili au matatu. Chenye jicho moja huishi, ila kitakukawizia maua.

Jambo lililonichukua muda kulikubali ni kiasi anachotupa. Zaidi ya nusu ya bumba huenda kwenye shimo la migomba, na humo mna vipande ambavyo mimi ningevirudisha kwa huruma. Wengi wetu hatugawi, tunahamisha: tunatoa vyote kwenye ndoo ndogo na kuvitia kwenye ndoo kubwa, tukidhani tumefanya kazi. Baada ya muda mfupi ukuta mpya umefikiwa na katikati ni patupu vilevile. Kuchagua kisichorudi ndiyo kazi yenyewe. Udongo mpya unakuja baadaye.

Na udongo wenyewe haumpi shida: samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, udongo mweusi wa chini ya mwembe, na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, yanayoshika maji na kuacha hewa ipite. Makumbi hayo hayachukui pwani, kwenye mashimo yanakoloweshwa ili kutoa usumba wa kamba, kwa sababu yale yameshiba chumvi, na chumvi huunguza kingo za majani. Yake ameyalowesha kwa maji ya mvua na kuyasuuza mpaka weusi wa maji upungue. Matundu ya chini huyafunika kwa kipande cha wavu uliochakaa, maji yatoke, udongo ubaki.

Kisha huja kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa mtu mwingine kabla yake. Halazi tunguu katikati ya ndoo. Mkia huugusisha ukutani, kichwa hukielekeza upande ulio wazi, ili mmea upate safari ndefu kabla ya kukutana na ukuta. Vikiwa vipande viwili, kimoja huelekea mashariki, kingine magharibi, vikipishana. Macho juu, udongo wa vidole vitatu, na nafasi ya vidole vinne chini ya mdomo wa ndoo, kwa ajili ya maji. Humwagia mara moja tu na kungoja. Mmea usio na majani haunywi, na kana nyingi hufa hapa, zikizamishwa na mapenzi ya mwenyewe. Jani la kwanza likifunguka huanza kumwagia kidogokidogo. Majani yakishakuwa matatu, kila siku. Jua la kaskazi likichoma, asubuhi na jioni.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusipande mbegu. Mbegu ya kana ni nyeusi, ya mviringo, ngumu kiasi cha kufanywa tasbihi, na kule Réunion huitia ndani ya kayamba ili ilie. Mwaka 1971 jarida la Nature lilichapisha habari ya mbegu ya kana iliyokutwa kaburini kaskazini-magharibi mwa Argentina, ndani ya ganda la kokwa lililotumika kama njuga; ilikadiriwa kuwa na umri wa miaka kama 600, na ilipopandwa ikaota. Ustahimilivu huo unanishangaza, lakini haumsaidii Shangazi. Kana nyingi za bustani ni machotara; katikati ya karne ya 19 Mfaransa Théodore Année, aliyekuwa ameishi Amerika ya Kusini, alianza kuzichanganya karibu na Paris, na wengine wakaendeleza. Mbegu ya chotara hukuletea rangi iitakayo. Kisu hukuletea ua upendalo, maana kila kipande ni mmea uleule, umepita mikono mingi kabla ya kufika kwenye ndoo yako.

Faida hiyo ina ubaya wake. Kana yenye michirizi ya manjano kando ya mishipa ya majani huenda ina virusi, na kila kipande utakachogawa kitabeba ugonjwa huo, na kisu kitaupeleka kwenye ndoo inayofuata. Hakuna dawa. Shangazi huichoma moto nzima, hata ikiwa ndiyo yenye ua kubwa kuliko zote, na hapo sijamwona akisitasita.

Vipande vinavyobaki huenda kwa majirani, na hapa ana sheria iliyonishangaza: kilicho bora hukitoa, cha pili hukibakiza. Nilipomuuliza alicheka. Yake ikifa, alisema, anajua nyumba ya kwenda kuomba, na huko ataikuta yenye nguvu.

Safari hii jirani alikuja kuitaka ile nyekundu yenye majani ya zambarau.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Nimesikia unagawa."

"Marahaba. Nagawa, ila hiyo bado. Ina jicho moja."

"Moja linanitosha, Bi Mkubwa."

"Halikutoshi. Njoo vuli, na ndoo uje nayo. Utoboe kabisa chini."