Utamjuaje Muuguzi Hodari wa Vidonda vya Tumbo

Watu wengi wa mkoa wa Mara humsifu muuguzi kwa mambo mawili: kauli nzuri na mkono mwepesi wa sindano. Yote mawili ni mema, na mgonjwa aliyekesha akijikunja anayastahili. Kwa vidonda vya tumbo, hata hivyo, hayatoshi kumtenga fundi na mwanagenzi. Kuna wauguzi wapole ambao mgonjwa wao anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani kuanzia jioni hadi alfajiri wasishtuke, na kuna wengine wakavu kidogo, wasiocheka ovyo, wanaookoa watu kwa sababu tu huuliza rangi ya choo. Ukitaka kupima uuguzi wa maradhi haya, uwe Musoma mjini, Bunda au Butiama, sikiliza kwanza maswali. Mikono itazame baadaye.

Swali la dawa ndilo linaloanza kumfichua. Muuguzi wa kawaida huuliza, "Kuna dawa yoyote unatumia?" Mgonjwa hujibu hapana, naye huandika hapana. Fundi huuliza hivi: "Baba, mgongo ukikuuma huwa unameza nini?" Hapo ndipo mfuko wa nailoni hufunguliwa. Mvuvi wa dagaa anayevuta nyavu usiku kucha ziwani, mchimbaji mdogo wa Buhemba, mama wa Bunda aliyeinamia pamba msimu mzima, wote hao wana miili inayouma, na wote wana duka la dawa la karibu. Hutoka huko na diklofenaki, ibuprofeni, piroksikamu au aspirini, wala hawaziiti dawa. Wanaziita "vya maumivu". Vidonge hivyo hutuliza kwa kuzuia kemikali za mwilini zinazochochea maumivu, ila kemikali za jamii hiyohiyo ndizo zinazolifanya tumbo litoe ute wa kujikinga na asidi yake lenyewe. Ute ukipungua, ukuta wa tumbo huliwa. Muuguzi anayejua kazi huongeza jambo ambalo wengi hawalitarajii: hata sindano ya diklofenaki huumiza tumbo, kwa sababu madhara hupitia kwenye damu. Kisha hampokonyi mgonjwa vidonge na kumwacha na mgongo wake. Humwambia parasetamo ndiyo salama zaidi kwake, na kwa kipimo gani.

Mbali na vidonge hivyo, chanzo kingine kikuu cha vidonda ni bakteria. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifanikiwa kumwotesha maabara yule anayeitwa Helikobakta pailori. Madaktari wengi walipowabishia, Marshall alikunywa mchuzi wa bakteria hao mwaka 1984 na tumbo lake likavimba kwa ndani. Tuzo ya Nobel waliipata mwaka 2005. Nayataja haya kwa sababu huku kwetu bado kuna ushauri unaoishia kwenye "punguza mawazo, acha pilipili". Mtu kapoteza ng'ombe, ana watoto watatu sekondari, halafu unamwambia asiwaze! Muuguzi anayetoa ushauri huo na kufunga faili ana alama ndogo sana kwangu, hata akiwa na tabasamu la kuvutia.

Matibabu ya bakteria huyo kwa kawaida huchukua siku 14: omeprazo ya kupunguza asidi asubuhi na jioni, pamoja na antibiotiki mbili, mara nyingi amoksilini na klarithromaisini, au metronidazo. Kuzigawa si kazi. Kazi ni kumfanya mtu azimalize. Fundi huuliza kwanza kama penisilini imewahi kumtoa mgonjwa vipele au kumvimbisha midomo. Humtahadharisha kwamba mdomo utakuwa mchungu kama aliyelamba chuma, kwa sababu asiyeambiwa hilo huziacha siku ya nne akidhani zimemdhuru. Humwambia asichanganye metronidazo na pombe, na hapo hataji bia peke yake. Hutaja gongo na pombe za kienyeji kwa majina yake, maana wapo wasiozihesabu hizo kuwa pombe.

Nikiambiwa nichague jambo moja la kupimia wauguzi kwenye dirisha la dawa, nitachagua saa. Omeprazo hufanya kazi vizuri ikimezwa nusu saa hivi kabla ya chakula. Mwambie hivyo mvuvi: "Meza asubuhi na jioni kabla ya kula." Jioni kwake ndio mwanzo wa kazi, asubuhi ndio wakati wa kulala. Muuguzi hodari huuliza, "Kaka, wewe unakula saa ngapi?" kisha hupanga vidonge kuzunguka jibu hilo, na huandika saa halisi kwenye bahasha ya dawa. Ni dakika mbili tu, lakini ni chache sana ninazoziona.

Chakula nitakipita haraka, kwa kuwa hapa ndipo watu husema mengi kuliko wanayoyajua. Zile orodha za marufuku, usile maharage, usile ugali wa muhogo, usile dagaa, humwacha maskini na sahani tupu. Muuguzi makini huuliza ni kipi kinachomuumiza mgonjwa mwenyewe, humshauri aepuke hicho, apunguze pombe na sigara, asikae na njaa kutwa nzima. Basi. Akiagiza maziwa kama tiba, mtilie shaka: maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha huchochea tumbo kutoa asidi zaidi.

Twende wodini, kwenye uzito wa mambo. Kidonda kinachovuja damu huwa hakipigi kelele. Mgonjwa anaweza kuwa anazungumza, hata anaomba chai. Mwili humficha kwa kuupigisha moyo haraka ili presha isishuke, kwa hiyo anayetazama presha peke yake huchelewa. Omba kuona chati, au itazame inapoandikwa. Kama mapigo ya moyo yalikuwa 88, baada ya nusu saa 104, kisha 118, huku presha ikionekana nzuri, muuguzi hodari tayari amemwita daktari. Anayengoja presha iporomoke anasoma habari ya jana. Tena fundi hukumbuka kuuliza kama mzee anameza propranolo ya presha, dawa inayoushika moyo usikimbie, kwa maana kwa mgonjwa wa hivyo mapigo 80 hayamhakikishii mtu kitu.

Tazama mikono ya mgonjwa anayetapika damu. Kanula moja nyembamba upande mmoja ni dalili ya uuguzi wa kubahatisha. Zinatakiwa mbili, nene, namba 16 au 18, na ziwekwe mapema, kabla mishipa haijasinyaa. Damu ya kulinganisha kundi iwe imekwenda maabara, na ndugu wawe wameambiwa watafute wa kujitolea kabla ya kuambiwa kwamba chupa zimekwisha. Mfuko wa mkojo uwe unapimwa: mtu wa kilo 60 anatakiwa atoe walau mililita 30 kwa saa. Na kilichotapikwa kipimwe kwa chombo. Neno "kidogo" kwenye chati halina maana yoyote, kwa sababu kidogo cha zamu ya usiku si kidogo cha zamu ya asubuhi.

Halafu choo. Choo cheusi cha rangi ya lami, kinachonata, kinachong'aa, chenye harufu kali isiyosahaulika, ni damu iliyomeng'enywa. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kuwa cheusi, na wajawazito wengi huvitumia, ila hicho huwa kigumu kiasi na hakina harufu ile. Tofauti hii haipatikani kwa kusimuliwa. Muuguzi bora huenda kukiona kwa macho yake mwenyewe. Hapa pia ndipo adabu ya Mara inapojaribiwa. Mzee wa Butiama hatakueleza haja yake kubwa mbele ya mkwe wake. Afadhali afe nayo. Muuguzi kijana aliyelelewa vizuri hutoa shikamoo, huwatoa nje ndugu kwa upole, huvuta pazia, kisha huuliza kwa sauti ya chini. Kama mzee anaongea Kizanaki au Kijita na Kiswahili kinamponyoka, hutafuta mhudumu wa umri wa kufaa anayeijua lugha hiyo, hamwiti mjukuu wa kike kuwa mkalimani. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya ziada. Mimi nasema ni kipimo: habari ya choo isipopatikana, ugonjwa haujulikani.

Kanda ya Ziwa ina mtego wake, na ni hapa ninapowatofautisha walio hodari na walio wazuri tu. Kutapika damu si lazima iwe kidonda. Kichocho cha tumbo, ambacho kimejaa vijiji vya mwambao wa Ziwa Victoria, huziba taratibu njia za damu ndani ya ini. Bandama hukua, na mishipa ya umio huvimba hadi ipasuke. Uchunguzi wa wagonjwa waliotapika damu na kupimwa kwa kamera katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, ulikuta mishipa hiyo ndiyo chanzo kilichoongoza, ikitangulia vidonda. Kwa hiyo muuguzi anayempokea mtu wa Musoma Vijijini anayetapika damu huuliza kama amekulia ziwani, kama aliwahi kupewa dawa za kichocho, kama tumbo lake lina uzito upande wa kushoto. Majibu hayo humsaidia daktari kuamua dawa gani itangulie na mgonjwa apelekwe wapi. Yule anayeandika "vidonda vya tumbo" kwa sababu mgonjwa mwenyewe amesema hivyo hajauguza, amenakili.

Baya kuliko yote ni kidonda kinapotoboka. Huko huko Bugando, madaktari wa upasuaji walichapisha mwaka 2011 taarifa ya wagonjwa 84 waliofanyiwa upasuaji kwa tatizo hilo katika kipindi cha miaka mitano. Asilimia 69 hawakuwa wamewahi kutibiwa vidonda kabla ya siku hiyo, umri wa kati ulikuwa miaka 28, wengi walifika wakiwa wameugua siku kadhaa, na zaidi ya mmoja katika kila kumi alifariki. Vijana, basi, na waliochelewa. Mwenye kidonda kilichotoboka hagaagai kama mwenye mchango. Hulala kimya, magoti yamekunjwa, hataki hata kitanda kiguswe, na tumbo limekakamaa kama ubao. Kuna hila moja ya ugonjwa huu ambayo ningependa kila muuguzi wa zahanati aijue: baada ya saa chache maumivu huweza kulegea. Ndugu hufurahi, huanza kumchemshia uji. Fundi hafurahi. Huzuia uji na maji, hupitisha mrija wa puani kwa agizo la daktari, hufungua dripu, huendelea kupima, na huipigia simu hospitali ya rufaa. Kwa wazee waliomeza diklofenaki muda mrefu, maumivu yenyewe huweza kuwa hafifu tangu mwanzo, na hapo mapigo na joto ndivyo vinavyosema.

Baada ya upasuaji kazi hupungua makeke, haipungui uzito. Mgonjwa aketishwe nusu wima, avute pumzi ndefu kila saa, asimamishwe mapema, na majimaji ya mrija yaandikwe rangi na kiasi. Lakini mimi hupima siku ya kuruhusiwa. Aliyeshonwa tundu kisha akarudishwa Bunda bila dawa za siku 14 za kumuua bakteria, wala tarehe ya kurudi, ametibiwa nusu.

Na kipimo cha kurudi kiwe sahihi. Vile vipimo vya haraka vya kinga kwenye damu huweza kuendelea kuonyesha bakteria miezi mingi baada ya mtu kupona, na kwa ajili hiyo watu hunywa dozi ya tatu na ya nne bila sababu. Kinachofaa ni kipimo cha choo, angalau wiki nne baada ya kumaliza antibiotiki na wiki mbili baada ya kuacha omeprazo. Muuguzi akikueleza hivyo bila kuulizwa, umempata. Mfuate hata akihamishiwa zahanati ya mbali.

Nawe msomaji una sehemu yako. Ukiona choo cha rangi ya lami, au damu kwenye matapishi, au maumivu ya ghafla yaliyolifanya tumbo kuwa gumu, usisubiri kupambazuke na usimeze chochote cha kutuliza. Nenda hospitali usiku huohuo, na uchukue mfuko wa dawa zote ulizotumia mwezi huu, pamoja na maganda matupu.