Habari za Waliouawa: Namna ya Kuzisoma na Kuzihakiki

Mitaa kadhaa ya Eastlands, mjini Nairobi, ina majina ambayo makondakta wa matatu huyatamka kutwa kucha, wala abiria hawaulizi yalikotoka. Ofafa Jericho na Ofafa Maringo zimepata jina kwa Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953. Mtaa wa Mbotela umepata jina kwa Tom Mbotela, mmoja wa viongozi wa chama cha KAU, aliyeuawa Novemba 1952. Wote wawili waliuawa katika siku za Hali ya Hatari, iliyotangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Basi mwanafunzi akaaye katika mitaa hii amezungukwa na habari za waliouawa hata kabla hajafungua kitabu.

Akifungua kitabu, atazikuta habari za namna hiyo kwa sura tatu: hadithi za upelelezi, riwaya za vita, na vitabu vya historia. Wanafunzi huvipenda vitabu vya aina zote tatu, na si ajabu, maana hakuna jambo livutalo sikio la binadamu kama kifo cha mwenziwe. Lakini wengi huvisoma vyote kwa jicho moja, kisha huvihukumu vyote kwa neno moja: "kinapendeza", au "kinachosha". Hukumu ya namna hiyo haimfai mtu. Kila aina ya kitabu ina deni lake kwa msomaji, na kazi ya mhakiki ni kulidai deni hilo hasa.

Tuanze na hadithi za upelelezi, kwa kuwa ndizo zishikazo moyo upesi. Katika lugha yetu mlango ulifunguliwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya miaka ya 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Ndani yake twamkuta Bwana Msa, mvuta kiko mwenye macho makali, pamoja na rafikiye Najum. Aliyepata kusoma habari za Sherlock Holmes na Daktari Watson atautambua udugu wao mara moja. Hata hivyo, Abdulla hakuridhika kuiga. Alimweka maiti wake mahali pa mizimu, mahali ambapo watu wazima wenye akili zao hupaogopa, kisha akamwachia msomaji jibu jepesi: mzimu ndio uliomwua. Bwana Msa halikubali jibu hilo. Yeye huwatazama watu, jamaa zao, mali zao na maneno yao yasiyopatana. Hapo ndipo penye uzito wa kitabu, kwa maana chatufundisha kwamba hofu ya watu wengi haiwi ushahidi.

Deni la hadithi ya upelelezi ni haki. Mwandishi ana ruhusa ya kutuficha muuaji, lakini hana ruhusa ya kutuficha dalili. Lile analoliona mpelelezi, nasi sharti tulione, hata kama hatukulitambua. Kwa hiyo, ukitaka kuihakiki hadithi kama hii, au Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla iliyotolewa mwaka 1965, usitosheke kuisoma mara moja. Ukiisha kumjua muuaji, rudi katika sura za mwanzo uzitafute dalili. Ukiziona zimelala pale wazi, nawe ulizipita, msifu mwandishi. Ikiwa muuaji aliletwa mwishoni kama mgeni asiyealikwa, mlaumu. Yako pia mambo mawili ya kuangalia. Adabu yakutaka usimtaje muuaji katika uhakiki wako, maana utakuwa umemnyang'anya mwenzio chakula mkononi. Na ujihadhari na udhaifu wa hadithi hizi: aghalabu maiti huwa fumbo tu, na fumbo likiisha kufumbuliwa hakuna anayemlilia aliyekufa.

Riwaya ya vita ina deni jingine. Mwandishi wake haulizi sana nani aliua, kwa maana vitani wauaji ni wengi na wengine hupewa nishani. Yeye huuliza vita vimemfanya mtu kuwa nani. Mwaka 1969 P. M. Kareithi alitoa Kaburi bila Msalaba, riwaya ya Kiswahili juu ya vita vya Mau Mau. Jina lenyewe latosha kumsimamisha msomaji: kaburi lisilo na alama ni kaburi ambalo mpita njia hatajua ni la nani. Miaka miwili kabla yake, Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa ametoa A Grain of Wheat kwa Kiingereza. Kitabu hiki chatufaa hasa, kwa sababu kimebeba swali la upelelezi ndani ya riwaya ya vita. Kihika, mpiganaji wa msituni, amesalitiwa na kunyongwa. Siku chache kabla ya tarehe 12 Desemba 1963, siku ya Uhuru, wanakijiji wanataka kumjua msaliti, na tayari wamekwisha mshuku mtu. Lakini Ngũgĩ hakuandika ili atushangaze kwa jina. Alitaka tuone jinsi siri inavyomla mtu kutoka ndani, na jinsi kijiji kizima kilivyokuwa na madoa yake. Tunapolijua jina hilo hatupigi makofi, twanyamaza.

Kwa hiyo, unapoihakiki riwaya ya vita, usiihesabie tarehe na idadi ya bunduki. Ken Walibora, katika Kufa Kuzikana ya mwaka 2003, aliweka urafiki wa vijana wawili wa makabila yanayohasimiana ndani ya nchi isiyo katika ramani yoyote, wala hakuna mtu mwenye akili aliyemwita mwongo kwa ajili hiyo. Uliza badala yake: Je, adui katika kitabu hiki ana uso na mama, au ni kivuli cha kupigwa risasi tu? Je, shujaa huogopa? Je, mtu huua katika ukurasa mmoja akalala usingizi mwema katika ukurasa wa pili? Mwandishi akitupa mashujaa wasio na hofu na maadui wasio na roho, basi hakulipa deni lake, hata kama upande anaoutukuza ndio uliokuwa na haki.

Sasa tufike kwenye historia, ambako deni ni zito kuliko yote. Mwandishi wa historia ameahidi kwamba mambo anayoyasema yalitukia. Hapo uzuri wa lugha hautoshi. Yatupasa kumwuliza amejuaje, na amesimama wapi anaponena. Chukua Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa mwaka 1934. Mwandishi huyu alikuwa wa ukoo wa Mbotela wa Freretown, Mombasa, mji mdogo waliowekwa watumwa walioachwa huru. Jina la ukoo huo ndilo tulionalo leo katika mtaa wa Eastlands. Masimulizi yake juu ya kutekwa kwa watu na mateso ya safari ya utumwa ni hazina, maana yalitoka kwa wale walioyaonja. Lakini mwandishi alisimama katika nyumba ya waliookolewa, akawashukuru Waingereza kwa moyo wote. Msomaji mwema atayapokea masimulizi yale kwa heshima, kisha ataitazama shukrani hiyo kwa uangalifu, akikumbuka kwamba katika mwaka huo wa 1934 Waingereza walewale walikuwa wametwaa ardhi za watu huko bara. Kuuliza hivyo si kumtukana mzee, ni kumsoma.

Tena, historia hairuhusu mwandishi kujitungia mwisho. J. M. Kariuki alitoa mwaka 1963 habari za maisha yake katika kambi za kizuizini, tangu 1953 hata 1960. Mwandishi huyo mwenyewe aliuawa Machi 1975, na mwili wake ukaonekana Ngong. Kamati teule ya Bunge ilichunguza, ikaandika ripoti. Lakini hapana mtu aliyepata kuhukumiwa kwa mauaji hayo. Lau ingekuwa hadithi ya Bwana Msa, tungedai sura ya mwisho. Katika historia, mwandishi mwaminifu hana budi kuacha ukurasa ule mtupu.

Nami napenda tulitazame tukio moja kwa macho yote matatu, ili jambo hili likae wazi. Tarehe 3 Machi 1959 walikufa watu katika kambi ya Hola, karibu na Mto Tana, na hesabu yao ilifika 11. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji ya gari la maji. Taarifa hiyo ilikuwa fupi, ya kirasmi, na yenye kutuliza watu. Laiti wote wangalitulia, neno la maji lingekuwa ndiyo historia ya Hola hata leo.

Msomaji aliyefunzwa na hadithi za upelelezi angeuliza papo hapo: Je, wengine waliokunywa maji yale walipatwa na nini? Miili ina alama gani? Kweli, maiti walipochunguzwa na madaktari ilionekana kwamba walikuwa wamepigwa. Mwenye jicho la historia angeendelea zaidi, akazitafuta karatasi. Angeukuta mpango ulioandikwa kabla ya siku ile, wa kuwalazimisha kwa nguvu watu waliokataa kazi. Angeyakuta majadiliano ya Bunge la Uingereza ya Julai 1959, ambamo Enoch Powell, mbunge wa chama kilichotawala, aliilaumu serikali ya chama chake mwenyewe. Angekuta pia kwamba mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kuwa na majalada ya makoloni yaliyofichwa miaka mingi huko Hanslope Park, na kwamba Juni 2013 ilikubali kuwalipa wazee 5,228 wa Kenya pauni milioni 19.9 kwa ajili ya mateso ya siku zile. Naye mwandishi wa riwaya huuliza lile ambalo jalada halina mahali pa kuliandika: aliyenusurika alirudi nyumbani na nini moyoni? Ngũgĩ aliijenga kambi yake mwenyewe katika riwaya, akaiita Rira, akaliweka swali hilo humo.

Waona basi kwamba macho haya matatu hayagombani. Ubaya huja mtu akiyachanganya. Anayeisoma riwaya kama jalada atasema Rira haipo, hivyo kitabu ni uongo. Anayelisoma jalada kama riwaya atalipenda kwa kuwa limeandikwa vizuri, na maji yale atayanywa.

Hata vitabu viwili vya historia juu ya jambo moja havitakuwa sawa. Mwaka 2005 wataalamu wawili, David Anderson na Caroline Elkins, walitoa kila mmoja kitabu juu ya vita vya Mau Mau. Anderson alitegemea sana majalada ya kesi za walionyongwa, akahesabu watu zaidi ya 1,000. Elkins alitegemea pia vinywa vya wazee waliopita kambini, na makadirio yake ya waliokufa yaliwafanya wataalamu wengine wabishane naye. Mwanafunzi mvivu husema, "Mmoja wao ni mwongo." Mwanafunzi mwenye bidii huuliza kila mmoja aliketi na mashahidi gani, na mashahidi hao wangeweza kujua nini.

Zipo kanuni chache zitakazokusaidia unapochukua kalamu. Kwanza, sema kitabu ni cha aina gani na chataka kufanya nini. Pili, eleza yaliyomo kwa ufupi. Uhakiki si kukisimulia kitabu upya. Tatu, toa hukumu yako na uionyeshe mahali ilipotoka: sura gani, jambo gani, maneno gani ya nani. Nne, taja lililopungua hata katika kitabu unachokipenda, na jema hata katika usichokipenda.

Kanuni ya tatu ndiyo kubwa, nayo katika mitaa yetu ina historia chungu. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilianza msako mkubwa ulioitwa Anvil, yaani fuawe. Askari wapatao 25,000 waliuzingira mji wa Nairobi, wakapekua mtaa kwa mtaa, na wakazi wa Eastlands wakatolewa nyumbani kwa maelfu. Watu walipitishwa mbele ya washitaki waliofunikwa gunia lililotobolewa matundu ya macho, waliitwa gakunia. Gakunia akitikisa kichwa, mtu alipelekwa kizuizini Manyani au Mackinnon Road, wala hakuambiwa ni nani aliyemshitaki wala kwa neno gani. Hukumu isiyo na uso wala sababu ilivunja nyumba nyingi.

Kitabu hakina damu, na mwandishi hafi kwa kuhakikiwa vibaya. Lakini mazoea ya akili huanza na mambo madogo. Anayezoea kusema "kibaya" pasipo kutoa sababu juu ya kitabu, kesho atasema hivyo hivyo juu ya jirani yake, juu ya kabila jingine, juu ya mtuhumiwa asiyemjua. Na anayezoea kudai ushahidi kwa Bwana Msa hatakubali kuambiwa na mkubwa yeyote kwamba watu walikufa kwa maji.

Zipo maktaba Kaloleni na Makadara, matawi ya Maktaba ya McMillan, na milango yake i karibu na wengi wenu. Azima hadithi moja ya upelelezi, riwaya moja ya vita na kitabu kimoja cha historia, uvisome vyote katika muhula mmoja. Kisha andika juu ya kila kimoja kurasa mbili, utie jina lako chini yake, mpe mwenzio asiyekubaliana nawe azisome.