Pasi Iliyosikika Mpanda

Goli lina karani wake. Dakika, jina la mfungaji na matokeo vinaingia kitabuni, na baada ya miaka hamsini yeyote anaweza kuvifukua. Pasi haina karani. Kiungo anautuliza mpira, anainua kichwa, anaupenyeza katikati ya mabeki wawili, na kazi yake imeishia hapo. Anayeandikwa ni aliyeumalizia. Ndiyo maana umaarufu wa kiungo mstaafu hunishangaza kuliko wa mshambuliaji. Umeishi midomoni tu.

Chukua Sunday Manara wa Yanga. Hapa Mpanda, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, waliomwona akicheza ni wa kuhesabu. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, yeye akiwa ametundika daluga zamani. Miaka ya sabini, Mpanda ikiwa wilaya ya mkoa wa Rukwa (mkoa wake wa sasa, Katavi, haukuzaliwa hadi 2012), kulikuwa na garimoshi la kutoka Kaliua, kwenye reli iliyojengwa kufuata madini ya risasi, na kulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, sauti ikipotea na kurudi. Basi. Hata hivyo, kaa leo kwenye kijiwe cha kahawa chenye wazee, utakuta mmoja anapanga vifuniko vya soda mezani akuonyeshe Manara alivyokuwa akimgeuka beki. Muulize alimwona wapi. Atakujibu bila haya kwamba alimwona redioni.

Simcheki. Mtangazaji wa zama zile naye alikuwa fundi. Goli hujitangaza lenyewe, kelele za jukwaa zinatosha. Kiungo ndiye aliyempa kazi: jina lake lilirudi kila baada ya sekunde chache, kapokea, kageuka, kampa fulani, karudishiwa. Aliyetega sikio Mpanda aliuzoea mdundo huo, na jina likikawia kutajwa alijua timu imeshikwa.

Ufundi wenyewe si wa kuonekana upesi. Unaanza kabla mpira haujafika: kutupa jicho nyuma ya bega, kujua adui kasimama wapi, kisha kupokea mwili ukiwa umeshageuka nusu, ili mguso wa kwanza uwe ndiyo safari ya mbele. Halafu kuna uzito wa pasi. Ikizidi, winga ataikimbiza hadi nje ya chaki. Ikipungua, beki ataila njiani. Na gumu kuliko yote ni kusubiri, kukaa na mpira mguuni huku uwanja mzima ukikupigia kelele uutoe, mpaka mwenzako afungue njia. Kanzu na tobo zinafurahisha, sikatai, lakini mimi humvulia kofia anayejua kusubiri.

Manara walimwita Kompyuta. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini pasipo kibali. Mwaka huohuo, kule Nyamagana, Mwanza, Kompyuta wa Yanga akaifunga Simba katika muda wa nyongeza na Yanga ikaondoka na ushindi wa 2–1. Baadaye akavuka kwenda Heracles ya Uholanzi, miongoni mwa Watanzania wa kwanza kulipwa kwa kusakata kabumbu Ulaya.

Hilo la Nyamagana, lakini, ni goli, na lina karani. Wazee hulitaja na kulipita. Wanachokirudia ni zile pasi, na kila mmoja ana yake, kwa kuwa kila mmoja alijichorea uwanja wake kichwani. Vijana wanaotoka mazoezini Uwanja wa Azimio wana viungo wa dunia nzima mfukoni. Akikipenda kitu, kijana anakutumia kipande cha video na maneno yanakwisha. Nina shaka kama kiungo yeyote wa leo atasimuliwa nusu karne katika mji ambao watu wake hawakupata kumwona. Wazee kwa upande wao bado wanabishana Manara aliutegemea zaidi mguu upi, na video ya kuwaamulia hawana.