Sauti Haipunguzwi kwa Rula

Chuma hupunguzwa kwa rula. Injini za daraja la 59 za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, zile Garratt 34 zilizoundwa na Beyer Peacock mjini Manchester mwaka 1955 na 1956, zilikuwa na urefu wa karibu mita 32 na uzito wa tani 252 kila moja. Gawa urefu huo kwa 87, kipimo kimojawapo cha modeli, unabaki na sentimita 36 za kuwekwa juu ya meza. Gawa kwa 160, kipimo kingine, unabaki na sentimita 20. Magurudumu, matangi, rangi nyekundu iliyoiva, mabango yenye majina ya milima, vyote vinatii hesabu hiyo bila ubishi. Sauti haitii. Ngurumo ya sentimita 20 haipo.

Hapo ndipo inapoanzia kazi ya mafundi wanaotia dikoda za sauti na spika ndani ya modeli ndogo za injini za mvuke. Wengi wao wako Ulaya na Marekani, na pengine hawajui Kitale iko wapi. Naisifu kazi yao nikiwa upande huu wa Mlima Elgon, ambako reli ilifika Kitale mwaka 1926 kwa tawi linalochepukia Leseru, huku njia kuu ikipita Turbo, Webuye na Bungoma kuelekea Uganda. Mzee aliyelimia kando ya reli hiyo kabla dizeli haijaufukuza mvuke ndiye mwamuzi ninayemwamini. Huyo hadanganyiki kwa chuku-chuku ya katuni.

Atakachokidai kwanza ni hesabu ya pumzi. Injini ya kawaida yenye silinda mbili hutoa pumzi nne kila magurudumu yanapozunguka mara moja, kwa kuwa mvuke huisukuma kila pistoni kwenda na kurudi. Garratt ni mashine mbili chini ya boila moja, hivyo pumzi ni nane. Tena mashine ya mbele na ya nyuma hazikuunganishwa kwa fito zozote. Moja ikiteleza kidogo mlimani, pumzi zao zinaachana, zinapishana, zinachanganyika mpaka huwezi kuzihesabu, halafu taratibu zinakutana tena na kupiga kwa pamoja. Upande wetu ilikuwa zaidi zamu ya daraja la 60, Garratt nyepesi zilizofaa reli nyepesi za njia ya Uganda. Kabla ya kufika Eldoret zilikuwa zimeshapanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa mlima ule, mapishano ya pumzi yalikuwa mambo ya kila siku.

Dikoda ni kibao chembamba chenye upana wa ukucha. Ndani yake mna rekodi za pumzi, filimbi, pampu na breki, na kazi yake ya pili ni kuiendesha mota. Umeme wa relini hubeba nguvu na amri kwa wakati mmoja, kila injini ikiitika namba yake. Ninachokistaajabia zaidi ni kwamba dikoda huupima mzigo: hukatiza umeme wa mota kwa kitambo kidogo sana, ikasoma umeme ambao mota yenyewe inauzalisha ikiendelea kuzunguka, ikajua kama injini inahangaika. Mabehewa yakiwa mazito, pumzi zinakuwa nzito. Injini ikiteremka, pumzi zinafifia, unasikia chuma kikigongana tu. Kulinganisha pumzi na magurudumu ni kazi ya subira. Kwa mwendo wa mtu anayetembea, mashine moja ya daraja la 59, yenye magurudumu ya kipenyo cha mita 1.37, hupumua mara moja na robo hivi kwa sekunde. Fundi huiacha modeli itambae, macho gurudumuni, akihesabu nne, anabadilisha namba kwenye mpangilio, anahesabu tena.

Nyaya zina rangi zake na hazina mzaha. Nyekundu na nyeusi hutoka relini, ya machungwa na ya kijivu huenda kwenye mota. Mota isipotengwa kabisa na chuma cha chasisi, dikoda inaungua mara moja, na modeli yako itatoa moshi wa kweli.

Lakini roho ya kazi iko kwenye spika, na hapa mafundi wa simu wa Kitale na Bungoma wanaweza kuongea bila mkalimani. Spika zinazopendwa ni ndogo kama zile za simu, takriban milimita 11 kwa 15. Fundi wa simu anajua kwa nini simu iliyofunguliwa na kufungwa vibaya hulia kikopo. Utando wa spika unapousukuma upepo mbele, nyuma unauvuta, na pande hizo mbili zikikutana zinauana. Sauti nzito ndiyo inayokufa kwanza. Kwa hiyo nyuma ya spika hujengwa kisanduku na kuzibwa kwa gundi pande zote, lisibaki hata tundu la sindano. Bungoma somo hili ni la zamani: nyuzi za litungu zisizo na bakuli lililowambwa ngozi hazifiki hata mlangoni. Kwa Garratt nashauri spika mbili, moja katika tangi la mbele na nyingine nyuma. Ila spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4, na si kila dikoda inaustahimili mzigo huo. Soma karatasi yake kabla ya kuchomelea.

Hata hivyo spika ya milimita 15 haina uwezo wa kutikisa kifua. Fundi mbaya hulazimisha, akapata mtetemo wa plastiki. Fundi mzuri huziondoa sauti za chini kabisa, akabakisha zile zinazoandamana nazo juu yake, na ubongo wa msikilizaji ukakisia kilichokosekana. Kisha hupunguza sauti, na hili wengi hawalikubali. Ukiitazama modeli ya 1 kwa 160 ukiwa mita moja kutoka mezani, ni sawa na kusimama mita 160 kutoka relini, katikati ya shamba la mahindi. Huko injini husikika, lakini haikuzuii kuzungumza. Kipimo cha sauti, basi, ni umbali. Modeli inayopiga kelele mezani ni ya uongo hata kama rekodi yake ni halisi.

Asiye na rekodi ya Garratt zetu anaweza kujifunzia kwa jamaa zao: Wales, kwenye reli ya Welsh Highland, Garratt za aina ya NGG16 kutoka Afrika Kusini zinavuta watalii, mojawapo ikiwa namba 143, Garratt ya mwisho kuundwa na Beyer Peacock Manchester, mwaka 1958. Ni ndogo, sauti yao ni nyembamba kuliko ya 59, lakini mapishano ya pumzi ni yale yale.

Vijana wanaobadilisha spika za simu mjini Kitale na Bungoma tayari wana mikono ya kazi hii. Vipimo viko Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli, ambako namba 5918, Mount Gelai, na namba 6006 ya daraja la 60 zinangoja mtu mwenye futi. Anayetaka kujaribu aanze na spika kuukuu na kisanduku cha kujikatia, azibe vizuri, acheze rekodi kutoka kwenye simu, kisha amwite mzee wa reli asikilize akiwa amefumba macho. Dikoda inaagizwa ng'ambo na bei yake si ya mchezo. Ainunue baada ya mzee kukubali.